Mlango wa Chooni kwa Ami Matar

Khairiya binti Yazid alikuwa na miguu yake miwili mizima, lakini alimiliki kiti cha magurudumu na alikitunza kuliko gari lake. Majirani zake wa Tabata walishazoea. Wakimwona asubuhi anakipakia nyuma ya Passo, wanajua kuna mwenye hoteli atatoka jasho leo. Mgeni asiyejua mambo alikuwa akimkuta amekikalia na kumwonea huruma, naye Khairiya humwacha amwonee huruma mpaka aridhike, kisha husimama, akakunja kiti kwa mkono mmoja na kuondoka zake. Alikuwa na uchokozi huo tangu utotoni na haukumwisha.

Kazi yake ilikuwa kuwapangia watu wenye ulemavu mapumziko. Alianza na safari za umra, akaona bibi za watu wanavyopandishwa na kushushwa kama magunia ya mchele, akachoka kuona. Duka la kanga la marehemu baba yake akaligeuza ofisi, akabandika kibao mlangoni: Mapumziko kwa Wote. Basi watu wakapata la kusema. Eti mlemavu anakwenda kupumzika nini, si anashinda amekaa? Maneno hayo yalitoka kwa watu wazima na ndevu zao, na kama si kwamba ulikuwa mwezi wa Ramadhani na Khairiya amefunga, wangejibiwa jibu la kuhamia nalo mtaa mwingine.

Sheria yake ilikuwa moja. Hampeleki mgeni mahali ambapo yeye mwenyewe hajapita na kiti. Simu hasikilizi, picha haamini. Hapa mjini kwetu, mpigie mwenye nyumba ya wageni yeyote umuulize kama kiti cha magurudumu kinapita, atakujibu hakuna shida. Hakuna shida, sista, nyie njooni tu. Ukifika unakuta ngazi, na juu ya ngazi wamesimama vijana wanakunja mikono ya mashati, tayari kukubeba. Si waongo hao. Ni wakarimu, na mtu mkarimu anaona vibaya kumwambia mgeni hapana kabla hata hajamkaribisha. Kwa hiyo Khairiya alikuwa anakwenda, anakaa kwenye kiti kuanzia getini, na hainuki mpaka amefika kitandani, mezani na chooni. Akikwama, anawashukuru kwa soda na harudi tena.

Siku moja akaja ofisini Mwalimu Demetria, mstaafu kutoka Temeke, anasukumwa na mumewe, Mzee Revelian. Wote wawili walikuwa watu wa Bukoba waliokuja Dar wakiwa vijana na hawakurudi tena isipokuwa kwa misiba. Uvimbe kwenye uti wa mgongo ulikuwa umeichukua miguu ya Mwalimu. Ulimi ulimwachia, na nadhani ulimwongezea kidogo.

"Shikamoo Mwalimu," alisema Khairiya.

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe unayekalia kiti mwenyewe kabla ya mgeni?"

"Ndiye mie."

"Basi nisikilize, nitasema mara moja."

Akasimulia. Mwaka uliopita watoto wao waliwapeleka kwenye hoteli moja ya watalii, jina lake tuliache. Kila kitu kilikuwa kizuri mpaka Mwalimu alipobanwa na haja. Mlango wa choo ulikuwa mwembamba, kiti hakikupita. Wakaja wahudumu wanne wakamnyanyua mikononi, wakampitisha katikati ya watu wanaokula, wakamweka, na mlango ukabaki wazi kwa sababu ilibidi ashikiliwe asianguke. Mzee Revelian akasimama pale ameukunjua mtandio wa mkewe, anazibaziba.

"Mmoja wa wale vijana nilimfundisha darasa la nne," alisema Mwalimu Demetria. "Akaniamkia. Shikamoo Mwalimu, huku amenibeba miguu."

Khairiya alitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

"Sasa mimi nataka bahari. Siku tatu zinanitosha. Nataka niende chooni mwenyewe, nifunge mlango, nitoke nikitaka. Mengine yote ni nyongeza. Lakini nikibebwa tena, mwanangu, sitoki tena nyumbani kwangu mpaka siku ya kutolewa kwenda kuzikwa. Revelian nimeshamwambia."

Mzee Revelian aliangalia sakafu. Alikuwa mtu mrefu, macho mekundu, na wakati wote wa mazungumzo hakuuachia mkono wa kiti.

"Hubebwi, Mwalimu," alisema Khairiya. "Nakuahidi."

Ahadi ni deni, wanasema, na deni hili lilianza kumkaba mapema. Nyumba alizozijua pwani zilikuwa zimejaa. Alipokuwa anahangaika, habari zikamfikia Ami Matar, maana katika ukoo ule habari hazijawahi kukosa nauli.

Ami Matar alikuwa mdogo wa baba yake Khairiya. Baba alipofariki, huyu ndiye aliyemlea, na siku ya nikahi ya Khairiya huyu ndiye aliyekuwa walii wake wa kumwozesha. Maisha yake yote alikuwa mfanyabiashara Buguruni, na uzeeni akajenga nyumba ya wageni Mbweni, bustani yake inateremka mpaka kwenye mchanga wa pwani. Akapiga simu, na sauti yake ilikuwa imenuna.

"Khairiya, nasikia unawatafutia wageni wako nyumba kwa watu baki. Mie nimeshakufa?"

"Hasha, ami. Ila wageni wangu wanakuja na kiti cha magurudumu."

"Na kije. Nyumba yangu haina ghorofa. Barazani nimemwaga mteremko wa saruji, sakafu yote sawa."

"Na mlango, ami? Ni mpana?"

"Mlango anapita ng'ombe na pembe zake. Hakuna shida, binti yangu."

Khairiya alipoyasikia maneno hayo mawili, akawaona wale vijana wa juu ya ngazi wanakunja mikono ya mashati. Hapo ndipo pa kusema, ami, nakuja kesho na kiti changu nijaribu. Hapo ndipo pa kuuliza, na mlango wa choo? Lakini jamani, muhali mnaujua. Muhali ndio unaokulisha biriani la pili la siku kwa sababu mwenyeji ameshapakua. Muhali ndio unaokuingiza kwenye kamati ya harusi ya mtu mnayenuniana naye. Kwenda na kiti kuipima nyumba ya mzee aliyekulea ni kumwambia kauli yake huiamini. Na kulitamka neno choo kwa ami uliyekuwa ukimbusu mkono tangu mtoto, hilo ndilo kabisa, mdomo wa Khairiya haukuumbiwa. Akasema, "Ahsante, ami, Mungu akuweke," akakata simu. Sheria yake akaivunja hivyo hivyo, kwa adabu.

Siku zikaenda. Safari ilikuwa Jumamosi. Alhamisi asubuhi Mwalimu Demetria akampigia.

"Mwanangu, nimenunua gauni la kuogelea. Refu, la heshima. Revelian anasema nimechanganyikiwa."

"Hujachanganyikiwa, Mwalimu."

"Unajua jana nimelala vizuri. Huwa nikiwa na safari nakaa siku nzima sinywi hata maji, naogopa kubanwa njiani. Lakini safari hii nimejisemea, huyu binti amekalia kile kiti mwenyewe. Amepita. Sina wasiwasi."

Khairiya akasema kitu, hata hakujua kasema nini. Baada ya simu alibaki amekaa pale ofisini. Aliona aibu, na aibu yenyewe haikuwa na mtu wa kumsingizia. Alikuwa amemuuza mama wa watu kwa sababu ya kumwogopa mzee. Akanyanyuka, akapakia kiti nyuma ya Passo, akaelekea Mbweni kabla roho haijabadilika.

Ami Matar alimpokea barazani kwa furaha, kanzu nyeupe, kofia imekaa upande. Shikamoo, marahaba, watoto hawajambo, kahawa hiyo, tende hizo. Kikombe cha kwanza kikaenda, cha pili kikaenda. Khairiya akasifia bustani. Akasifia upepo. Alikuwa amebakiza kulisifia paka la jirani.

"Ami," akasema mwishowe, "nimekuja na kiti. Nataka nikae nipite nyumba nzima. Na choo."

Tabasamu la Ami Matar likazimika. Akakiweka kikombe chini polepole.

"Hukuniamini."

"Nakuamini, ami. Lakini ndiyo kazi yangu, na mgeni nimemwahidi."

"Nilikwambia mlango anapita ng'ombe. Miaka yote hii Buguruni hakuna aliyewahi kuipima kauli yangu, anakuja kuipima mtoto niliyemvusha barabara. Nyumba njema si mlango, Khairiya. Watu wanakuja hapa kwa ukarimu wetu."

"Kwa huyu Mwalimu, ami, nyumba njema ni mlango," alisema Khairiya. Akaenda kukishusha kiti.

Alianzia getini. Kokoto za bustani, zile nyeupe ambazo Ami Matar alizileta kwa lori na kujivunia, zikayameza magurudumu ya mbele, akasukuma mpaka mtandio ukamteleza. Mzee alitembea pembeni yake, mikono nyuma. Mteremko wa barazani ukampandisha salama. Mlango wa chumba ulikuwa mpana kweli, ng'ombe angepita na ndama wake. Kitanda sawa. Dirisha linaitazama bahari, na kwa muda Khairiya akaanza kuona kwamba labda Mungu amemsitiri.

Akageukia choo. Mlango ulikuwa mwembamba, na chini yake kizingiti cha kuzuia maji, kama vyoo vyetu vyote. Akasukuma. Kiti kikagonga fremu na kusimama. Akarudi nyuma akasukuma tena, vidole vikabanwa, akavitoa vinavuja damu.

"Si atashikwa mkono hapo," alisema Ami Matar kwa upole. "Vijana wapo. Watambeba mara moja tu."

Hapo Khairiya akalia. Hakujizuia. Akamsimulia yote, ya wahudumu wanne, ya mtandio, ya mwanafunzi wa darasa la nne, akalitaja neno choo mara nyingi kuliko alivyolitaja maishani mwake mbele ya mzee yule. Ami Matar akasikiliza uso ameukaza. Khairiya alipomaliza, mzee akasema maneno mafupi: wageni wapelekwe kwingine, nyumba yake haivunjwi kwa ajili ya mtu mmoja wa siku tatu. Akageuka aondoke.

"Matar, vunja."

Sauti ilitoka ukumbini. Alikuwa Bi Khulud, mke wa Ami Matar, amesimama ameshika ukuta. Mama mnene, mpole, ambaye watu walimjua kwa haluwa yake na kwa kutosema neno mbele ya wageni.

"Vunja huo," alisema. "Na ukimaliza, uvunje na wa chumbani kwetu."

"Wa kwetu una nini?"

"Una kizingiti. Magoti yangu hayakipandi tangu Mfungo Tatu wa mwaka jana. Naingia kiubavuubavu, nimeshika bomba, kila siku naomba nisianguke uchi ukanikuta."

Ami Matar akamtazama mkewe. "Hukuniambia."

"Ningekwambiaje? Uliijenga nyumba kwa mikono yako, kila mgeni unamtembeza. Niliona muhali. Unafikiri harusi za watu nimeziacha kwa kiburi? Naogopa vyoo vyao. Mficha uchi hazai, Matar. Mie nimeficha wangu nimechoka."

Khairiya alikuwa bado amekaa kwenye kiti, mdomo wazi, damu kidoleni, hajui pa kuangalia. Ami Matar akavua kofia, akaivaa tena. Kisha akauliza, bila kumwangalia mtu, kama Khairiya anamjua fundi asiyechelewa.

Alikuwepo mmoja, Lusungu, mwenye kibanda cha milango kule Buguruni. Alikuja mchana ule ule na nyundo na maneno mengi, akaitazama fremu akasema hii ishu ndogo, mzee, jioni haifiki. Jioni ilifika na ikapita. Ijumaa wakavunja tena, maana nondo ilikuwa pale ambapo Lusungu aliapa haipo. Ami Matar akarudi kutoka msikitini, akaikunja kanzu, akashika mwenyewe upande wa mlango mpya, ule wa kuteleza kwenye reli. Kizingiti kikasawazishwa, maji yakatafutiwa mfereji. Vyuma vya kushikia vikafungwa ukutani, na juu ya kokoto wakalaza vigae vya saruji kutoka getini mpaka barazani. Kokoto zilimuuma mzee kuliko mlango, alizitazama zinavyofunikwa akaguna.

Jioni ya Ijumaa Khairiya akakaa kwenye kiti. Akapita getini, akapanda baraza, akaingia chumbani. Akaingia chooni, akageuka, akauvuta mlango, akalishusha komeo. Akabaki humo kwenye harufu ya saruji mbichi, peke yake, akashusha pumzi aliyokuwa nayo kifuani tangu Alhamisi. Nje akamsikia Bi Khulud anauliza, "Na mie nijaribu lini?" na Ami Matar anamjibu, "Chako Jumatatu, mama, nimeshamwambia fundi."

Jumamosi wageni wakafika. Mwalimu Demetria alikuwa amevaa gauni la kitenge la kijani na miwani ya jua ya mjukuu wake. Karibuni, karibuni, Ami Matar kama kawaida yake akataka kuwatembeza nyumba nzima, Bi Khulud akamvuta kanzu. Wakakaa barazani. Ikaletwa kahawa, ikaletwa juisi ya ukwaju, na Mwalimu akanywa glasi mbili bila kuuliza choo kiko wapi. Khairiya alizihesabu zile glasi. Nyumba aliijaribu yeye mwenye miguu. Sasa amekuja mwenye kiti mwenyewe.

Baada ya muda Mwalimu Demetria akaiweka glasi chini. "Haya," akasema. "Mnielekeze."

Mzee Revelian akasimama hapo hapo. Hakufikiri, alisimama tu, mkono tayari uko kwenye kiti.

"Kaa, Revelian," alisema Mwalimu.

"Nikusindikize mpaka mlangoni tu, mama."

"Kaa."

Mzee akakaa. Mwalimu akayasukuma magurudumu mwenyewe, akaingia chumbani, na wao barazani wakausikia mlango unateleza, kisha komeo. Basi watu wazima wote wanne wakaanza kuzungumzia hali ya hewa. Ami Matar akasema mvua za mwaka huu. Bi Khulud akasema kweli, mvua. Khairiya hakusikia kitu, masikio yake yote yalikuwa kule ndani. Muda ukawa mrefu. Akafikiria saruji mbichi, akafikiria utelezi, akafikiria mama wa watu chini sakafuni na komeo limefungwa kwa ndani. Alikuwa anajiandaa kunyanyuka aliposikia maji yanamwagika, na juu ya maji sauti ya Mwalimu Demetria anaimba taratibu, wimbo wa kwao, wa mtu asiye na haraka.

Khairiya akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Furaha aliyoisikia hakuwahi kuisikia kwa kazi yoyote. Akageuka amwambie Mzee Revelian, mzee, unasikia, mambo yamekwenda vizuri.

Mzee Revelian alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea nguzo ya baraza, kikombe kimeinama mkononi, mdomo wazi kidogo, anakoroma.

Mwalimu Demetria akatoka, mikono imelowa, akamwona. Akasimamisha kiti. Ami Matar alikuwa ameshanyoosha mkono amguse bega.

"Msimwamshe," alisema Mwalimu kwa sauti ya chini. "Tangu niugue huyu hajalala mchana. Hata usiku analala nusu. Anasikilizia kama nitamwita."

Akasogea taratibu mpaka pembeni ya mumewe, akakitoa kikombe mkononi mwake kisimwagike, akakinywa chote, kahawa imeshapoa. Bi Khulud akaleta mto. Chakula cha mchana kikaliwa kwa kunong'onezana, samaki wa kupaka na wali, na mara mbili zaidi Mwalimu akaenda ndani na kurudi, mlango ukiteleza kwenda na kuja, mzee hakutikisika.

Alizinduka alasiri imeshaadhiniwa. Akaruka kutoka kwenye kiti, anatafuta viatu ambavyo alikuwa amevivaa, anamtafuta mkewe kwa macho.

"Uliniita?" akauliza. "Mama, uliniita sikusikia?"

"Sikukuita," alisema Mwalimu Demetria.